Mdogo Wangu, Kuwaza Si Kuota

Wiki hii nimechukua barua moja tu, maana swali lililomo linastahili ukurasa mzima. Limeletwa na binti aliye mwaka wa kwanza chuoni, anasoma falsafa. Anaandika hivi:

"Dada, shikamoo. Darasani mwalimu wetu anatupa visa ambavyo havijawahi kutokea: mtu anayeelea hewani, dunia nyingine inayofanana na yetu, kinyozi wa kijiji cha ajabu. Tukimaliza anatuambia sasa tumejua kwamba jambo fulani linawezekana, au kwamba ni lazima liwe vile lilivyo. Nyumbani kaka yangu, ambaye ni fundi ujenzi, anasema maarifa hupatikana kwa kupima na kushika, na kwamba sisi tunaota ndoto za mchana kwa ada ya wazazi. Nilikosa la kumjibu. Je, kisa cha kubuni kinaweza kunifundisha ukweli wowote?"

Marahaba, mdogo wangu. Ndiyo, kinaweza, tena ukweli wa aina ambayo futi kamba haiwezi kuupima. Ila kina masharti yake, na kaka yako ana hoja moja nzito ambayo nitaifikia. Twende taratibu.

Anza na fumbo ulilolisikia utotoni, la mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka mto. Mtumbwi unambeba yeye na kimoja tu. Chui akiachwa na mbuzi, atamla. Mbuzi akiachwa na majani, atayala. Pitia safari ya kwanza. Akimchukua chui, nyuma wamebaki mbuzi na majani, na majani yamekwisha. Akichukua majani, nyuma wamebaki chui na mbuzi, na mbuzi hayupo tena. Akivuka mikono mitupu, nyuma ni hasara juu ya hasara. Kwa hiyo lazima aanze na mbuzi. Endelea vivyo hivyo, utaona kwamba kuna wakati lazima amrudishe mbuzi alikotoka, na kwamba kazi yote inakamilika kwa safari 7, kwenda na kurudi, wala haiwezi kupungua hapo.

Hukukodi mtumbwi, wala hukufuga chui. Umekaa ulipo, ukajua mambo matatu: kwamba kuvuka kunawezekana, kwamba mbuzi lazima atangulie, na kwamba safari 6 hazitoshi. Hakuna mtu atakayekwenda mtoni kesho akarudi na habari ya kuyapindua hayo. Falsafa inafanya kazi hiyo hiyo, ila mahali pa mbuzi na majani inaweka kujua, nafsi, hiari na wakati.

KISA KIMOJA HUVUNJA "LAZIMA"

Kujua ni nini? Katika Theaetetus ya Plato, Sokrates anapima wazo kwamba kujua ni kuwa na imani ya kweli pamoja na maelezo ya kuitegemeza. Wazo linalokaribiana na hilo lilikuwa na wafuasi wengi hadi karne ya 20: ukiamini jambo, likawa kweli, nawe ukawa na sababu nzuri ya kuliamini, basi lazima unalijua.

Sasa tazama. Mama mmoja anaingia sebuleni asubuhi, anatupia jicho saa ya ukutani. Saa tatu kamili. Saa hiyo imemwongoza miaka yote na haijawahi kumchelewesha popote. Anaamini ni saa tatu, na kweli ni saa tatu. Asichojua ni kwamba betri ilikwisha jana usiku, saa tatu kamili, na mishale imeganda pale pale. Je, mama huyu anajua kwamba ni saa tatu? Imani anayo. Ni ya kweli. Sababu anayo, tena nzuri. Lakini karibu kila unayemsimulia atakwambia: hapana, amebahatisha. Angeingia dakika kumi baadaye angeamini uongo kwa sababu ile ile.

Saa iliyosimama imo katika kitabu cha mwanafalsafa Bertrand Russell cha mwaka 1948. Mwaka 1963 Mmarekani Edmund Gettier alichapisha makala ya kurasa tatu tu, yenye visa viwili vya jamii hiyo, na fasili ile haijasimama tena kama ilivyosimama kabla yake.

Angalia kwa makini kilichotokea hapo. Dai lilikuwa la "lazima": popote palipo na hivyo vitatu, pana kujua. Ili dai la namna hiyo lianguke huhitaji tukio lililotokea. Unahitaji tukio linaloweza kutokea. Na katika kisa cha saa, hakuna chochote cha kutilia shaka: betri huisha, mishale husimama, watu hutazama saa wakaenda zao. Kila kipande kinawezekana, na vikiwekwa pamoja havigombani. Hapo kisa kimefanya kazi yake yote, hata kama mama huyo hajawahi kuishi popote.

KISA KINAPOJIGONGA CHENYEWE

Kazi ya pili ni ngumu zaidi: kuonyesha kwamba jambo haliwezekani. Hapa mwalimu wetu ni Galileo. Wafuasi wa Aristotle walifundisha kwamba kadiri kitu kinavyokuwa kizito ndivyo kinavyoanguka kwa kasi zaidi. Katika kitabu kilichotolewa Leiden mwaka 1638, Galileo akawaambia: haya, fungeni jiwe dogo kwenye jiwe kubwa, kisha muyaachie. Dogo ni la polepole, kwa hiyo litalivuta kubwa nyuma, na yote mawili yataanguka polepole kuliko kubwa likiwa peke yake. Lakini yakishafungwa pamoja ni mzigo mzito kuliko lile kubwa, kwa hiyo yataanguka upesi kuliko kubwa likiwa peke yake. Mzigo mmoja, safari moja, polepole zaidi na upesi zaidi!

Hilo haliwezekani, na mawe hayana kosa. Kosa ni la kanuni iliyotufikisha hapo. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya juu ya Mwezi, mahali pasipo hewa, vikatua pamoja. Jaribio lile lilipendeza macho ya ulimwengu, lakini kanuni ya zamani ilikuwa imeshajigonga yenyewe zaidi ya miaka 300 kabla.

Wapo wanafalsafa wanaosema Galileo aliingiza dhana nyingine bila kuitaja, kama vile kwamba mawe mawili yaliyofungwa yahesabiwe kuwa kitu kimoja chenye uzito mmoja. Ni pingamizi la haki, nami nalipenda, kwa sababu linakufundisha kuandika kila dhana unayoitegemea. Kisa kinachojigonga hukuambia kwamba kuna kitu lazima kitoke. Kipi kitoke, hilo utalijua tu kama umeviorodhesha vyote.

PALE MAWAZO YANAPOTUDANGANYA

Sasa tahadhari, na hapa ndipo ninapotaka ukae nami kwa muda.

Yule kinyozi wa mwalimu wako anawanyoa wanaume wote wa kijiji wasiojinyoa wenyewe, na hao tu. Ukifumba macho unamwona kabisa: kioo kirefu, kiti cha kuzunguka, kitambaa shingoni mwa mteja, mashine inaunguruma. Sasa muulize swali moja. Yeye mwenyewe, ambaye ni mwanaume wa kijiji hicho hicho, anajinyoa? Akijinyoa, yumo kwenye kundi la wanaojinyoa, ambao yeye hawanyoi, kwa hiyo hajinyoi. Asipojinyoa, yumo kwenye kundi la wasiojinyoa, ambao yeye huwanyoa wote, kwa hiyo anajinyoa. Kinyozi huyo hayupo na hawezi kuwapo, si kijijini kwenu wala penginepo.

Umeona hatari? Picha ulikuwa nayo tangu mwanzo, tena safi, na haikukuonya. Kwa hiyo mtu akikwambia "linawezekana, mbona naliona kichwani", mwombe akujazie kisa. Picha si ushahidi. Ushahidi ni kisa kilichoulizwa maswali yote yanayokihusu kikabaki kimesimama.

Mtu anayeelea hewani naye ana historia ndefu. Ni wa Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa karibu na Bukhara akafia Hamadan mwaka 1037. Anatuambia tumwaze mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mkamilifu, yuko hewani, macho yamefunikwa, vidole na miguu vimetenganishwa visigusane, hasikii hata upepo ukimpita. Hajui kama ana mkono. Hajui kama ana moyo. Hata hivyo, anasema Ibn Sina, atajua kwamba yeye yupo. Kutokana na hilo akaona kwamba nafsi ni kitu kingine mbali na mwili.

Karne sita baadaye, mwanafalsafa Descartes alitoa hoja inayofanana na hiyo, na mwaka 1641 Mfaransa kijana, Antoine Arnauld, akamjibu kwa pembetatu. Mtu anaweza kuwa na hakika kwamba pembetatu iliyo mbele yake ina pembe mraba, huku akitilia shaka kama mraba wa upande mrefu unalingana na jumla ya miraba ya pande mbili zilizobaki. Kwake yeye, anaiona pembetatu bila sifa hiyo. Lakini sifa hiyo haibanduki kwenye pembetatu yenye pembe mraba, iwe amejua au hajajua.

Shika somo hili vizuri, mdogo wangu, maana litakusaidia hadi mtihani wa mwisho: kutokuliwaza jambo si sawa na kuwaza kwamba jambo hilo halipo. Mtu wa Ibn Sina hakuuwaza mwili wake. Hilo peke yake halijaonyesha kwamba angeweza kuwapo hata kama mwili usingekuwapo. Kisa chake kinatufundisha kitu cha thamani, kwamba tunajijua kwa njia isiyopitia macho wala mikono. Kuhusu nafsi kutengana na mwili, bado kuna kazi ya kufanya, na kisa hicho peke yake hakiimalizi.

Kuna kosa la upande wa pili pia: kushindwa kuwaza, ukatangaza "haiwezekani". Tangu Euclid, kwa zaidi ya miaka 2,000, wenye hisabati waliamini kwamba katika nukta iliyo nje ya mstari hupita mstari mmoja tu ulio sambamba nao. Mabingwa walijitahidi kuithibitisha kanuni hiyo, Omar Khayyam akiwa mmoja wao. Kisha Lobachevsky wa Urusi mwaka 1829 na Bolyai wa Hungaria mwaka 1832, kila mmoja kwa njia yake, wakachapisha jometri ambayo mistari ya namna hiyo ni mingi. Baadaye ikathibitishwa kwamba kama jometri ya Euclid haijipingi, hiyo mpya nayo haijipingi. Na mwaka 1915 Einstein alipokamilisha nadharia yake ya mvutano, aliijenga juu ya jometri isiyo ya Euclid. Watu wenye akili kubwa walishindwa kuwaza, na jambo lilikuwa linawezekana muda wote huo. Kushindwa kwako kuwaza ni habari inayokuhusu wewe kwanza, kabla ya kuuhusu ulimwengu.

HOJA YA KAKA YAKO

Kaka yako ana haki mahali pamoja: kuna "lazima" ambazo huwezi kuzifikia bila kupima. Mwaka 1975 mwanafalsafa Hilary Putnam alituomba tuwaze dunia pacha. Huko kuna kimiminika kinachokata kiu, kinachonyesha kama mvua, kinachojaa mitoni na baharini, lakini muundo wake si H2O, ni kitu kingine kabisa. Je, hayo ni maji? Putnam akajibu kwamba hapana, yanafanana na maji tu. Saul Kripke, katika mihadhara aliyoitoa Princeton mwaka 1970, alikuwa ameshafungua njia hiyo: kama maji ni H2O, basi hayangeweza kuwa kitu kingine.

Gawa ujuzi huo katikati. Kwamba maji ni haidrojeni na oksijeni, hakuna aliyelijua kwa kufumba macho. Hilo limetoka maabara. Kwamba kisicho na muundo huo si maji hata kikifanana nayo namna gani, hilo tumelipata kwa kupima kisa. Mkemia na mwanafalsafa kila mmoja ameleta nusu yake, na bila mmojawapo hesabu haitimii.

Kisha mwulize kaka yako swali moja kwa upole. Zege la slabu likishamwagwa, anajuaje kwamba mirunda haipaswi kuondolewa kesho yake? Hangojei slabu imwangukie ili ajue. Anawaza: nikiondoa leo, zege halijakomaa, uzito wote utakosa pa kushikilia, itaporomoka. Timothy Williamson wa Oxford, katika kitabu chake cha mwaka 2007, anasema mwanafalsafa hatumii kipaji kingine cha siri. Anatumia uwezo huu huu wa kila siku wa kufuatilia nini kingetokea kama mambo yangekuwa vingine. Tofauti ni umbali anaoufikisha. Nami nakubaliana naye kwa moyo wote. Na ndiyo maana kupima na kuwaza havigombani: fundi aliyeshika zege miaka mingi huliwaza vizuri kuliko mimi.

SASA UFANYE NINI?

Kwanza, andika dai pamoja na "lazima" yake. Madai mengi huja yakiwa yameificha. "Mtu huwajibika kwa jambo alilokuwa na uwezo wa kuliepuka tu" ni dai la lazima, ingawa neno lenyewe halionekani.

Pili, uliza ni "haiwezekani" ya aina gani. Ipo ya sheria, kama kupiga kura kabla hujafika umri. Ipo ya maumbile, kama kusafiri upesi kuliko mwanga. Ipo ya mantiki, kama kinyozi wetu. Kisa kinachovunja moja si lazima kivunje nyingine, na ubishi mwingi wa darasani hutokana na watu wawili kutaja aina mbili tofauti.

Tatu, jaza kisa. Nani yupo, anajua nini, nini kinafuata, nani anamnyoa kinyozi. Ukifika mahali unasema "hapo tupaache tu", hapo hapo ndipo pa kuchimba.

Nne, mpe mtu asiyefanana nawe akipime. Mwaka 2001 wanafalsafa Weinberg, Nichols na Stich walitoa utafiti uliodokeza kwamba watu wa asili tofauti huamua tofauti visa kama vya Gettier. Utafiti mwingine wa Machery na wenzake, uliofanywa Brazil, India, Japani na Marekani, ukakuta wengi wa waliohojiwa kila mahali wanakubaliana na Gettier. Mabishano hayo yametufaa: yametufundisha kwamba "kila mtu anaona hivyo" ni kauli ya kukaguliwa. Msimulie bibi yako kisa cha saa, umsikilize anavyoamua na kwa sababu gani.

Ninyi wadogo zangu msiosoma falsafa, hili ni lenu pia. Maisha yenu yamejaa "lazima" na "haiwezekani" za watu. "Binti wa ukoo huu hawezi kuishi bila kuolewa." "Biashara lazima uanze na mtaji mkubwa." Ziulizeni maswali. Mfano mmoja unaowezekana, uliojazwa sawasawa, unatosha kuonyesha kwamba hiyo si lazima, ni mazoea, au ni matakwa ya aliyesema. Yakiwa mazoea mema, yafuateni kwa sababu ni mema. Msiyafuate kwa kuamini kwamba hakuna njia nyingine.

Na upande wa pili, msilewe na uwezekano. Mnaniandikia sana: "Dada, ananipiga, lakini anaweza kubadilika." Ndiyo, anaweza. Hakuna mgongano wowote katika kisa cha mwanaume aliyebadilika. Lakini kuwezekana si kutarajiwa, na kisa kilichotimia kichwani hakijakuonyesha hata dalili moja kwamba kinatimia nyumbani kwako. Kuhusu yale yatakayokuja, tumia macho ya kaka fundi: tazama alichofanya jana na juzi, na ukae mahali salama wakati unatazama.

Kwako mwenye barua, nakuachia zoezi, na ndugu wasomaji mlifanye pia. Ni la mwanafalsafa John Locke, katika kitabu chake kilichotoka karibu na mwaka 1690. Mtu amebebwa akiwa usingizini, akaingizwa chumbani alimo rafiki ambaye ametamani kumwona siku nyingi. Mlango umefungwa kwa nje, yeye hana habari. Anaamka, anamwona rafiki yake, anafurahi, anaamua kubaki wazungumze. Je, amebaki kwa hiari yake? Kama jibu ni ndiyo, basi ile kauli kwamba hiari lazima iende na uwezo wa kufanya vinginevyo imepata jeraha, na mwanafalsafa Harry Frankfurt aliliendeleza jambo hilo kwa nguvu mwaka 1969. Kama jibu ni hapana, niambieni ni kipande gani cha kisa kinachokosekana. Lisome pamoja na kaka yako, mdogo wangu, umwache aseme yeye kwanza. Kisha mniandikie majibu yenu na sababu zake, nami nitayachambua hapa hapa.